Betri Zilizoanikwa Juani

Mihayo hakuwa mwongo. Tuliweke hilo wazi mapema, maana mbele huko utamchukia, na hata mwizi hupewa nafasi ya kujitetea kabla hajahukumiwa. Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Nyakato, kijana wa Kisukuma mzaliwa wa Bujora, mrefu, mpole, mwenye mashati mawili ya maana na mapenzi kwa mwanamke mmoja tu. Mwanamke mwenyewe aliitwa Dorcas binti Zadok, Mjaluo wa Rorya, mwanachuo wa ualimu mwaka wa mwisho. Na Alhamisi ile Dorcas alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya Teodora, dada yake Mihayo, kule Igoma, akihangaika na Amerika.

Amerika ilichorwa kwa chaki juu ya saruji. Pwani yake ilianzia kwenye mguu wa cherehani ikashuka mpaka karibu na mlango, na makoloni yalikuwa ni vifungo. Teodora alikuwa fundi wa kushona magauni, na kopo lake la vifungo ndilo lililotoa Massachusetts, kifungo kikubwa cheusi cha koti, na Virginia, chekundu chenye ufa, mpaka yakatimia yote kumi na matatu. Mihayo ndiye aliyebuni ujanja huo. Dorcas alikuwa mtu wa kushika kitu mkononi ndipo kimwingie kichwani.

Usijiulize binti wa watu anafanya nini kwa fundi wa Igoma siku moja kabla ya mtihani. Chuo kilikuwa kimeishiwa chakula, kama vyuo vingi miaka ile, na wanachuo wenye ndugu mjini wakaambiwa wakajisomee huko. Dorcas hakuwa na ndugu Mwanza. Alikuwa na Mihayo, na Mihayo alikuwa na dada. Basi akalala kitanda kimoja na Teodora, na Mihayo akalala kwake Nyakato kama adabu inavyotaka.

Karatasi iliyobaki ilikuwa moja, historia ya Amerika ya mwanzo, tangu walowezi wa kwanza mpaka katiba. Wenzake waliiona ya mchezo, lakini Dorcas alifeli karatasi hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Chuo kilimpa nafasi moja ya kurudia. Baba yake, mzee Zadok, naye alimpa moja, pamoja na sharti: akifeli tena, au asipoifanya kwa sababu yoyote ile, arudi nyumbani aolewe na Odoyo.

Odoyo alikuwa tajiri wa sangara. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe Mwanza alikuwa amenunua gari, likipeleka samaki mjini na kurudi na barafu. Mkewe alikuwa amefariki, na umri wake haukuwa mbali sana na wa Zadok. Ng'ombe wa mahari Zadok alikwisha kuonyeshwa, kilichobaki ni kuswagwa tu. Dorcas hakuwa na silaha dhidi ya mtu huyo ila moja, nayo ni shikamoo. Kila walipokutana mbele za watu alipiga goti na kumwamkia kwa sauti, ili kila mwenye masikio akumbuke umri wa bwana harusi. Odoyo aliitikia marahaba, kisha akatazama pembeni.

Aliyesimama kati ya binti na ng'ombe hao alikuwa mama mtu, mama Odeta, mwanika dagaa. Ndiye aliyemwambia mumewe kwamba mtoto atamaliza chuo kwanza, wakagombana, wakanuniana, na dagaa zikalipa karo. Ndiye aliyemsindikiza Dorcas mpaka kwenye basi akamwambia, usirudi huku kabla hujamaliza. Mihayo alikuwa hajamwona mama huyo hata siku moja, lakini alimpenda kwa kusimuliwa.

Na kwa Mihayo nako hakukuwa laini. Baba yake, mzee Chenge, alisema ng'ombe anao, ila hawezi kuwaswaga mpaka kwa watu ambao hajui wanavyooana wala wanavyozika. Mihayo alicheka akasema hayo ni ya zamani. Vijana tunacheka sana maneno ya wazee, na mara nyingi tunacheka mapema.

Tuirudie sakafu. Mihayo alichutama, akagusa kifungo cheusi.

"Hapa walifanya nini?"

"Walimwaga chai baharini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kodi."

"Usiandike kodi peke yake. Hiyo kila mtu ataiandika."

Dorcas akafikiri, akalamba chaki kidoleni. "Waliwekewa kodi na bunge ambalo ndani yake hawakuwa na mtu wao. Hawakuikataa kodi kwa wingi wake. Waliikataa kwa sababu walipangiwa mambo yao na watu wengine, bila kuulizwa." Akainua macho, akatabasamu kwa upande mmoja. "Hilo nalielewa vizuri, mwalimu. Kwetu linaitwa Odoyo."

Teodora akacheka mpaka uzi ukamkatikia. Mihayo hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa Dorcas uliolala juu ya Virginia, mkono wenye kovu dogo la kisu cha samaki. Akauwekea wake juu, na Dorcas hakuutoa. Walikaa hivyo kitambo, macho kwa macho, Teodora akijifanya anatafuta uzi. Mihayo aliona kama maisha yake yote yako pale sakafuni, yamepangwa vizuri, na kinachotakiwa ni mtu asipite akayakanyaga.

Kisha Dorcas akasema maji ya bombani yatakatika, akachukua ndoo akaenda kuteka.

Redio ilikuwa dirishani, ikiimba polepole. Wimbo ukaisha, ukafuata ule muziki wa huzuni ambao kila nyumba ya nchi hii ilikuwa ikiusikia inanyamaza kwanza, mtu akiomba lisitajwe jina la kwao. Matangazo ya vifo. Teodora akaondoa miguu kwenye cherehani. Mtangazaji akasoma ya Songea, akasoma ya Kigoma. Halafu akasema mzee Zadok Agutu wa Rorya, wilaya ya Tarime, anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpenzi, Odeta, kilichotokea nyumbani kwake jana usiku. Mazishi yangefanyika Ijumaa alasiri. Habari ziwafikie fulani na fulani, na binti yake Dorcas, aliyeko chuo cha ualimu Mwanza, popote alipo ajitahidi kufika.

Mihayo alisimama akaifunga redio. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Teodora alijifuta uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Akasema basi la Tarime la alfajiri linapita hapa hapa Igoma, Dorcas akipanda kesho atawahi kaburi. Mihayo akajibu kwamba kesho asubuhi ndiyo mtihani.

"Mtihani utarudiwa."

"Hautarudiwa, dada. Haya ndiyo marudio yenyewe. Akienda kesho, ndiyo basi. Mama aliyekuwa anamzuilia hayupo tena. Baba atamkabidhi kwa Odoyo matanga hayajaisha."

"Hayo ayaseme yeye mwenyewe. Mwite."

"Mama yake alimwambia asirudi kabla hajamaliza."

"Alimwambia akiwa hai," Teodora akasema. "Kifo kina mwenyewe, Mihayo. Huwezi kumkalia mtu kifo cha mama yake."

"Simfichi. Namchelewesha tu. Kesho akitoka kwenye chumba cha mtihani namwambia."

Mambo hayo mawili yanafanana sana, kuficha na kuchelewesha, na anayeyafanya ndiye wa mwisho kuyatofautisha. Mihayo alijiambia anamlinda Dorcas. Alijiambia anatimiza neno la marehemu. Chini kabisa ya hayo kulikuwa na woga, woga wa mwanamume ambaye anajua kwamba mpenzi wake akipanda lile basi hatamwona tena. Huo hakuutazama. Alifungua redio kwa nyuma, akatoa betri, akaziweka kwenye kizingiti cha dirisha juani, kama watu wanavyoanika betri zilizochoka ili zipate nguvu kidogo.

Dorcas alirudi na ndoo kichwani, anahema, anacheka kwa ugomvi aliouona bombani. Akauliza mbona redio kimya.

"Betri zimechoka," Mihayo akasema. "Nimezianika."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Alikaa tena sakafuni, akajipangusa maji shingoni, akamwambia aulize la mwisho, lile kubwa, ambalo kila mwaka halikosi. Mihayo alilijua swali hilo kwa moyo. Lilihusu sababu zilizowafanya walowezi wajitenge na nchi mama. Alilianza, akafika kwenye neno la mwisho, sauti ikamkauka. Dorcas akadhani amechoka. Akamtilia maji kwenye kikombe, akamwambia anywe kwanza.

Teodora alikwenda jikoni, akakaa huko mpaka moshi ukawa sababu nzuri ya macho yake mekundu.

*

Ijumaa Mihayo aliomba ruhusa shuleni kwake, akasimama kwenye ua wa chuo tangu wanachuo walipoingia. Alikuwa amepanga maneno. Angemshika mkono, angemtoa pembeni, angesema polepole. Lakini Dorcas alipotoka alitoka anakimbia, kalamu bado mkononi, na kabla Mihayo hajafungua mdomo alikuwa amekwisha kumkumbatia mbele ya walimu.

"Limekuja," akasema. "Lile lile. Nimeandika mpaka wakaja kuninyang'anya karatasi. Nilikuwa naviona vifungo, Mihayo, nafumba macho naviona. Nimefaulu. Nakuambia nimefaulu."

Ungekuwa wewe ungemwambia? Labda. Mihayo alitazama jua. Lilikuwa limeanza kupinda upande wa magharibi, na kule Rorya, kwa hesabu yake, jeneza lilikuwa linatolewa nje. Kwao Bujora mtu akifa leo, kesho amelala ardhini, na hata mtoto aliye mbali hukuta udongo, akalia juu ya udongo. Basi akajiuliza, Dorcas akimbilie nini sasa? Kaburi halihami. Amwache afurahi siku moja, moja tu, kesho yote yatasemwa. Hilo ndilo kosa lake hasa, kubwa kuliko la Alhamisi, na alilifanya mchana kweupe akiamini ni huruma.

Dorcas alitaka kwenda ziwani. Walikwenda kule Kirumba kwenye mawe makubwa, wakanunua sato wa kukaanga kwa mama mmoja, wakakaa juu ya jiwe lenye joto, miguu wazi. Upepo ulitoka majini. Dorcas alikula kwa mikono miwili. Alizungumza bila kituo. Angekwenda nyumbani Jumatatu. Angemkuta mama yake kwenye kichanja cha dagaa, kwa sababu saa zote yuko pale, na angemwambia kwanza habari ya mtihani, halafu, akiwa bado amefurahi, habari ya Mihayo.

"Atasema nini?" Mihayo akauliza. Maneno yalimtoka bila kutaka.

"Atauliza kama unakula dagaa. Nitamwambia ni Msukuma lakini ana tabia nzuri." Akamwegemezea kichwa begani. "Mihayo, mimi sijawahi kuwa na furaha hivi. Nakuambia ili ujue. Watu hawasemi, halafu wanakufa."

Mihayo aliangalia maji. Akasema kesho asubuhi ana jambo la kumwambia.

Dorcas aliinua kichwa akamtazama. Uso ulimwiva taratibu, kuanzia shingoni, na Mihayo akaelewa, akachelewa, kwamba amelifahamu neno lake kinyume kabisa. Alidhani anataka kumposa.

"La kheri?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mihayo aliinama. Akambusu mkono wenye kovu. Dorcas akalichukua hilo kuwa ndiyo jibu lenyewe, na hakuuliza tena.

Walipofika Igoma alimnong'oneza Teodora kwamba kesho kuna jambo, akaomba lile gauni la bluu ambalo Teodora alikuwa amemshonea kwa ajili ya mahafali. Teodora alimpa. Alipomsindikiza ndugu yake mpaka barabarani hakumwambia usiku mwema. Alimwambia, "Wewe si mtu," akarudi ndani.

*

Jumamosi asubuhi Dorcas alikuwa amevaa. Nywele alizisuka upya mapema, akajipaka mafuta, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono magotini kama anayesubiri kupigwa picha. Mihayo aliingia akamkuta hivyo. Alikuwa hajalala, na safari hii alikuwa ameamua kweli, nataka umwamini kwa hilo. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Doka," akaanza.

Gari likasimama nje. Lilikuwa pikapu yenye turubai nyuma, maji yakidondoka chini yake. Mwanamume mnene wa makamo akashuka, amevaa koti la suti juu ya fulana, viatu vimetapakaa vumbi la njia nzima. Dorcas alimwona kupitia mlangoni, na midomo ikambana. Odoyo. Aliyemtaja ndiye aliyemjia, na kwa siku kama ile. Akainuka. Kama ni vita, basi silaha alikuwa nayo. Akapiga goti pale kizingitini, gauni la bluu likagusa saruji, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Shikamoo, mzee Odoyo."

Odoyo hakuitikia. Alivua kofia.

"Dorcas," akasema, "nimetoka chuoni, wakanielekeza hapa. Inuka, mwanangu, kaa."

Hakuinuka. Alibaki na goti chini. Labda alikwisha kujua, maana mtu mzima hakuiti mwanangu baada ya miaka miwili ya kukuposa.

"Mama amefariki. Jumatano usiku. Alilala analalamika kifua, hakuamka."

Hakulia kwanza. Aliuliza swali moja, kwa Kijaluo, na Odoyo akamjibu kwa Kiswahili kwa heshima ya wenye nyumba.

"Hajazikwa. Kwetu mama hafunikwi mtoto wake akiwa hai na hajamwona, wewe unajua. Tulitangaza redioni Alhamisi. Jana tukatangaza tena. Watu walikuja, kaburi likachimbwa, tukakaa tunatazama njia. Baba yako akasema, labda amesikia akauchagua mtihani. Mimi nikamwambia hapana. Nikamwambia mtoto huyu hawezi kusikia habari hiyo akakaa mjini." Akaigeuza kofia mikononi. "Joto lilikuwa kali. Nilikuwa na barafu ya samaki, hakuna nyingine kule. Nimemwekea hiyo. Usichukie. Nimeifunga kwa nailoni safi, na wanawake wamekaa naye. Usiku nimekuja na gari kuchukua nyingine kiwandani na kukutafuta. Tukiondoka sasa tutafika jua bado lipo."

Mihayo alikuwa amesimama na mgongo ukutani. Watu ambao hajui wanavyooana wala wanavyozika, mzee Chenge alisema. Basi jana, wakati ule anatazama jua kwenye ua wa chuo, mama Odeta alikuwa hajateremshwa kokote. Alikuwa amelala katikati ya barafu ya sangara, watu wanatazama njia. Na binti yake alikuwa juu ya jiwe kule Kirumba, anakula sato, anacheka. Kama angemwambia pale pale, wangekuwa kwenye basi la mchana. Kama angemwambia pale pale.

Dorcas alilia sasa. Alilia akiwa ameinama mpaka paji la uso likagusa chaki ya Amerika, na Teodora akapiga magoti akamshika, wakalia wote wawili. Odoyo alitoka nje akasimama karibu na gari lake. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu hawezi kuyasahau hata akitaka.

Alipotulia kidogo Dorcas alijipangusa uso, uliojaa chaki. Akasema, kama anayejisemea, kwamba hakusikia. Redio ilikuwa haina betri. Laiti ingekuwa na betri angesikia. Kisha akamgeukia Teodora. Teodora alikuwa ameacha kumshika.

Macho ya Dorcas yakaenda dirishani. Betri zilikuwa bado pale kizingitini tangu Alhamisi. Akasimama, akazichukua, zilikuwa na vuguvugu la jua la asubuhi. Akaigeuza redio, akazitia moja moja, akafunga kifuniko, akawasha.

Ikaimba kwa sauti kubwa, safi, nyumba nzima ikajaa.

Akaiacha iimbe kidogo. Halafu akaizima, akaiweka mahali pake taratibu.

"Ulisikia lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Mihayo alikuwa amefika mwisho wake. "Alhamisi. Ulipokwenda kuteka maji."

"Jana kule kwenye mawe ulikuwa unajua."

"Nilidhani wameshazika. Kwetu mtu akifa..."

"Kwenu."

"Nilitaka umalize, Doka. Mama yako mwenyewe alitaka umalize. Alisema usirudi kabla..."

"Aliniambia mimi," Dorcas akasema. "Hakukuambia wewe." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na ndiyo iliyomtisha Mihayo kuliko kelele. "Sema kweli. Sema moja tu leo."

Mihayo alimtazama. Gauni la bluu lilikuwa na alama nyeupe magotini. Akasema, "Niliogopa ukienda hutarudi kwangu."

"Basi. Hilo nalijua."

"Nisamehe."

Dorcas alikaa kitini. "Ungeniambia, ningechagua. Pengine ningeuchagua mtihani huo huo, Mihayo. Pengine ningelia usiku kucha, asubuhi nikaenda nikaandika, nikisema mama ndiye aliyetaka, halafu nikapanda basi. Baba angenilaani na mama angenielewa. Au pengine ningekwenda. Mimi mwenyewe sijui. Na sasa sitajua kabisa, maisha yangu yote, kwa sababu siku ile ulichagua wewe." Akatazama vifungo sakafuni. Vichache vilikuwa vimesogea alipolia juu yake. "Jana nimejaza kurasa za watu waliopangiwa mambo yao bila kuulizwa. Nimeandika vizuri sana. Ulinifundisha vizuri, mwalimu."

Mihayo alipiga hatua moja. Teodora akamzuia kwa mkono kifuani.

Dorcas aliingia chumbani. Alitoka amejifunga kanga nyeusi ya Teodora juu ya lile gauni, kitambaa kichwani, mfuko mdogo mkononi. Vitabu aliviacha kitandani. Alimkumbatia Teodora kwa muda mrefu, wakanong'onezana jambo ambalo Mihayo hakulisikia na ambalo dada yake hajamwambia mpaka leo. Kisha akapita mbele yake kuelekea mlangoni.

"Usiende na huyu," Mihayo akasema. "Nakuomba. Nitakodi gari. Nitakupeleka mimi, nitasimama mbele ya baba yako, nitasema kosa ni langu."

Dorcas alisimama, lakini hakugeuka.

"Yeye alikuwa ananitafuta usiku mzima," akasema. "Wewe ulikuwa unajua nilipo."

Nje Odoyo alikuwa ameshafungua mlango wa mbele, ametandika kitenge safi kwenye kiti ili Dorcas asikalie magamba ya samaki. Nyuma, chini ya turubai, barafu mpya ilikuwa inatoa moshi wake baridi na kudondoka matone barabarani. Mtu yule hakuwa na furaha usoni wala ushindi. Alikuwa amechoka tu, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Alimshika Dorcas kiwiko kumsaidia kupanda, akamwachia mara moja alipokaa.

"Pole sana, Dorcas," akasema.

Mihayo alikuwa mlangoni. Alisubiri ile shikamoo, ile silaha aliyoijua, iliyowachekesha mara ngapi wakiwa wawili. Alisubiri kusikia neno mzee. Dorcas alijifunika kanga vizuri mabegani, akamtazama yule mwanamume usoni.

"Asante, Odoyo," akasema.

Gari likaondoka kuelekea barabara ya Musoma. Teodora alichukua kopo lake, akapiga magoti, akaanza kuokota vifungo, maana alikuwa na gauni la mtu la kumaliza siku hiyo.